Kanda tatu za Mzee na ile mistari ya kitana

Najua nimepotea wiki mbili nzima, na kuna waliokwisha kuanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Niko hapa hapa Chemchem, geto ni lile lile, bumu limekwisha kama kawaida yake na UE zinaanza Jumatatu ijayo. Kilichonipoteza ni kanda tatu za video, zile ndogo zinazozidi kiberiti kidogo tu. Leo naeleza habari yake kwa urefu, maana naamini wengi wenu mna kanda kama hizi kwenye makabati ya wazazi, na mnaweza kuzitupa bila kujua mnatupa nini.

Mama mwenye nyumba wangu ni mjane. Mumewe, ambaye mtaa mzima tulimwita Mzee tu, alikuwa gadi wa treni kwenye Reli ya Kati kwa miaka mingi. Watu wa Tabora mnaelewa, reli imefika hapa tangu 1912 na karibu kila ukoo wa mjini una mtu wake wa reli. Mzee alifariki mwaka jana. Picha zake za mnato zipo, tena nyingi, kasimama wima kama anapigwa ya kitambulisho. Lakini Mzee akitembea, akicheka, akiongea, yupo sehemu moja tu: sendofu ya binti yake mkubwa, mwaka 2011, iliyorekodiwa na kijana wa studio ambaye siku hizi hayupo mjini.

Ndani ya sendofu hiyo kuna dakika moja ambayo familia nzima wanaisimulia. Wakati wa kumkabidhi binti, Mzee alichomoa mfukoni bendera ya kijani ya ugadi, akapuliza filimbi, akaipepea mbele ya ukumbi mzima kana kwamba anairuhusu treni iondoke stesheni. Binti akalia na kucheka kwa wakati mmoja. Mwezi ujao watoto wanakusanyika kwa kisomo cha mwaka, wanatoka Mwanza, Dar na Kigoma, na wote wanaulizia ile dakika.

Walichokuwa nacho ni faili kwenye flashi. Mwaka 2019 walimpa fundi mmoja wa mji mwingine kanda azihamishe, akazihamisha, akazirudisha na kuwaambia sasa hazina kazi tena. DVD waliyopewa mwaka ule wa sherehe ilishachubuka kwa kutazamwa. Basi Mama akaniita sebuleni: "Mwanangu, si wewe unasoma mambo ya vyombo vya habari? Hebu njoo uone, Mzee kafanywa nini hapa?"

Nikasimamisha picha pale kwenye bendera. Bendera zilikuwa mbili, moja imefifia, na mkono wa Mzee una meno meno pembeni, kama kitana kilichoyeyuka kwa moto. Kijana wao wa kiume, alikuwepo siku hiyo, akasema ni kanda imeoza, ya nini kuhangaika, zitupwe tu. Mama akakataa: "Nilizilipia mwenyewe. Zikae." Zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, mfuniko umebana, chumbani kwake. Mungu ambariki yule mama.

Kanda haikuwa imeoza, na dalili ilikuwa pale pale kwenye kioo. Meza zilikuwa safi, mapambo safi, wazee waliokaa kimya safi kabisa. Kilichochanika ni kile tu kinachosogea. Kuoza hakuchagui hivyo.

Twende taratibu sasa, na wale wa kozi za hesabu msinicheke. Video ni picha za mnato zinazopita haraka mbele ya macho. Kwenye video ya progresivu kila picha ni nzima: mistari yote 1080 inahesabiwa ni ya wakati mmoja. Kwenye video ya intalesi kamera inachukua kwanza mistari ya namba witiri, 540, halafu baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde inachukua ile ya namba shufwa, 540 mingine. Nusu hizo mbili zinafungwa pamoja, zinaitwa fremu moja. Kwa hiyo sekunde moja ya kanda ya Mzee ina fremu 25 lakini ina nyakati 50. Aliyekaa kimya, nusu zake mbili zinalingana, huoni kitu. Anayepepea bendera anakuwa ameshasogea. Piga hesabu: kitu kikivuka skrini yenye pikseli 1920 kwa sekunde moja, kati ya nusu ya kwanza na ya pili kimeshasogea pikseli 38 hivi. Zile pikseli 38 ndizo meno ya kitana.

Kwa nini mtu mwenye akili zake abuni kitu kama hiki? Hapa nawatetea wazee wa zamani, kwa sababu siku hizi kila mwenye simu anasema intalesi ni takataka. Njia ya kupitishia picha hewani ilikuwa nyembamba. Fikiria msafara wa Wanyamwezi wa karne ya 19 kutoka hapa Unyanyembe kwenda Bagamoyo: njia ni ya mguu, watu wanakwenda kwa mstari mmoja, na mzigo mkubwa lazima ugawanywe. Picha 50 nzima kwa sekunde hazikuwa na pa kupita. Picha 25 nzima zilipita, lakini kwenye TV za chogo zingepwesa mpaka kichwa kikuume. Wakagawanya mzigo: nusu sasa, nusu baadaye kidogo, na jicho likaunganisha lenyewe. TV ya chogo ilichora mistari ya witiri, ikaanza kufifia, ikachora ya shufwa, wala hukuwahi kuona nusu mbili zimegandishwa pamoja. Ndiyo maana Mama anaapa kwamba kwenye TV yao ya zamani ile DVD ilikuwa safi. Anasema kweli.

Ugomvi wenyewe ni wa kale. Novemba 1936 BBC ilipoanza kurusha televisheni kule London, mifumo miwili ilipewa zamu: wa Baird, mistari 240 inayochorwa mfululizo, na wa Marconi-EMI, mistari 405 ya kupishana. Mwanzoni mwa 1937 wa Baird ukaachwa. Intalesi ikatawala dunia miaka mingi, ikaingia majumbani kwetu Bara na vituo vya binafsi vilivyoanza 1994, na kamera za HD za bei nafuu zilipokuja baada ya 2004, zile za kanda zinazoitwa HDV, nazo nyingi zilirekodi intalesi. Msije mkadhani dijitali iliifuta. Ule uzimaji wa mitambo ya analojia ulioanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 ulibadilisha namna ya kusafirisha picha, haukubadilisha picha yenyewe. Ndani ya king'amuzi intalesi inapita kama kawaida, TV bapa inaifumua kimya kimya. Wazungu wenyewe hawajakubaliana: umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, tangu 2004 ulipendekeza progresivu, mashirika ya Ujerumani ARD na ZDF yakaenda na progresivu ya mistari 720, wengine wengi wakabaki na 1080 ya kupishana.

Basi tatizo la ile flashi halikuwa intalesi. Aliyehamisha alichukua fremu zenye nyakati mbili, akazipunguza kutoka mistari 1080 hadi 720 bila kuzitenganisha kwanza. Hili ndilo ningependa kila mtu wa video alishike. Ukipunguza kabla ya kutenganisha, programu inachukua mstari wa wakati wa kwanza na mstari wa wakati wa pili inavikoroga kama uji. Ukishakoroga huwezi kurudisha unga. Hakuna programu, hakuna akili bandia, itakayokurudishia mkono halisi wa Mzee. Itakubunia mkono tu, na mkono wa kubuniwa Mama ataujua. Ingekuwa kanda zimetupwa, dakika ile ingekuwa imekwenda.

Kwa hiyo kazi ikawa kutafuta mashine ya kuzicheza. Hapo ndipo wiki ya kwanza ilipoishia. Kamera za HDV hazitengenezwi tena, na laptopu za siku hizi hazina tundu la FireWire. Nimezunguka Kanyenye, nimekwenda Isevya, nimeulizia Ng'ambo kwa wapiga picha wote wa zamani, nikiambiwa "ilikuwepo, niliuza" au "ipo lakini watoto wameichezea". Mwisho kaka mmoja wa studio karibu na stesheni akatoa kamera ya Sony iliyokufa lenzi lakini inacheza kanda, na laptopu nzee inayowaka ikiwa imechomekwa tu. Akanipa kwa sharti moja: irudi kabla ya Ijumaa. Kaka, kama unasoma hapa, heshima yako.

Kuhamisha HDV hakuna haraka. Kanda ya saa moja inachukua saa moja, kama kusubiri treni. Data inakuja megabiti 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila kanda ni gigabaiti 11 na kidogo. Na ina ubaya wake: HDV haihifadhi kila fremu peke yake, inazifunga kwa mafungu ya 12, moja kamili na nyingine zinaitegemea hiyo. Doa dogo kwenye kanda linaweza kula fungu zima, yaani karibu nusu sekunde. Kanda ya pili, dakika ya 41, Mzee anaingiza mkono mfukoni... skrini ikaganda. Filimbi haikusikika. Mama alikuwa nyuma yangu, na sikugeuka.

Nikaitoa kanda, nikasafisha kichwa cha kamera kwa kanda ya kusafishia, nikaipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha mwanzo ili ijikaze upya, nikacheza tena. Pale pale ikapita. Nasema hivi ili mjue: doa la mara ya kwanza siyo lazima liwe kifo, mara nyingi ni uchafu tu kwenye kichwa. Msikate tamaa mapema.

Sasa kuediti. Rafiki yangu mmoja wa darasani, mtaalamu kweli kweli, alinishauri nitoe fremu 25 kwa sekunde na kumaliza: faili dogo, na sinema zote ni 24 au 25. Tulibishana hadi saa saba usiku. Msimamo wangu ni huu. Sinema inapigwa kwa 24 na mpiga kamera anajua. Anageuza kamera polepole, anapanga. Yule kijana wa 2011 alipiga sherehe kwa kamera ya nyakati 50, akawa anaizungusha atakavyo kwa sababu alijua TV itaipokea laini. Ukitoa 25 umetupa nusu ya nyakati alizorekodi. Kwa meza na keki sawa, nani atajali. Kwa bendera inayopepea haraka ni hasara kubwa. Njia sahihi ni kuifumua kila nusu iwe picha nzima, programu ikikadiria mistari inayokosekana kwa kuangalia majirani zake wa juu, wa chini, wa kabla na wa baadaye. Unapata picha 50 nzima kwa sekunde. Nimetumia FFmpeg, ni ya bure, ina vichujio vya kazi hii, vikiwemo yadif na bwdif. Hicho cha pili ndicho nilichokipenda, na nilihakikisha kimewekwa kitoe picha kwa kila nusu siyo kwa kila fremu. Halafu, baada ya hapo tu, nikanyoosha upana, maana HDV inarekodi pikseli 1440 zilizobanwa, zinatakiwa kutanuliwa hadi 1920. Mpangilio ni kufumua kwanza, kila kitu kingine baadaye.

Na muiambie programu ukweli kuhusu nusu ipi inatangulia. HDV ni ya juu kwanza. Kanda za DV za kawaida za mfumo wetu wa PAL ni ya chini kwanza. Ukikosea hapo, anayetembea anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele, kama mtu anayesita kuingia ukweni.

Tukamwita Mama awe hakimu. Sikumwambia ipi ni ipi. Nikamwonyesha ya 25, nikamwonyesha ya 50, kwenye laptopu ile ile. Alitazama ya pili mara tatu. Akasema, "Hapa anapepea. Pale alikuwa anakatwakatwa." Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: kwamba Mzee alikuwa anapepea kwa kiwiko, siyo kwa bega, kwa sababu bega la kulia lilimuuma tangu ajali fulani ya kazini, na kwenye lile faili la flashi hukuweza kuona kiwiko kinavyokwenda. Rafiki yangu hakubishana tena.

Kukabidhi nako kuna mambo yake. Nimewapa mafaili ya aina nne, nayo siyo mbwembwe. La kwanza ni kile kilichotoka kwenye kanda, intalesi yake hivyo hivyo, bila kuguswa, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Kesho vitakuja vichujio bora kuliko vya kwangu, waanzie hapo. La pili ni 1080 progresivu ya picha 50 kwa ajili ya TV bapa. La tatu ni 720 ya picha 50 kwa simu, na nimewasisitiza walitume WhatsApp kama dokumenti, siyo kama video, kwa sababu likienda kama video linabanwa upya na bendera inageuka majani ya mchicha. La nne limenifurahisha: baba mdogo wao kule Urambo bado ana TV ya chogo na deki ya DVD na hataki kusikia kingine. Kwake nimerudisha intalesi, mistari 576, nusu 50 kwa sekunde, nikitoa kutoka kwenye zile picha 50 zilizofumuliwa. Kwenye chogo lake itaonekana vile vile ilivyotakiwa kuonekana. Yeye amepata kilicho sahihi kuliko sisi sote.

Kuna ambao mtauliza, sisi tunaopiga kwa simu leo haya yanatuhusu nini? Yanawahusu siku mtakapopeleka kazi TV. Kundi letu tulipiga filamu fupi ya masomo pale Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na kituo kimoja kikasema kitaipokea lakini iwe 1080 ya kupishana, nusu 50. Waliopiga kwa picha 50 nzima hawakuwa na tabu: unachukua witiri kutoka picha ya kwanza, shufwa kutoka ya pili, kazi imekwisha na mwendo ni laini. Waliopiga kwa 25 nao sawa, nusu zote mbili zinatoka wakati mmoja, mwendo unabaki wa kisinema. Walioumia ni waliopiga kwa 30 kama simu ilivyokuja kutoka dukani. 30 haigawanyiki kwa 25 wala haiingii 50 vizuri, kwa hiyo kila mtu anayetembea anashtuka shtuka, na taa za umeme wetu wa 50 Hz zinapwesa juu yake. Angalieni kwenye mipangilio, baadhi ya simu zina 25 au 50 zimefichwa humo.

Na yale majina ya mwishoni yanayopanda, kwa wale wa harusi hasa, maana kamati ya harusi bila jina lake kupanda mwishoni ni kesi: kwenye intalesi yasipande mstari mmoja kwa kila nusu. Yakipanda hivyo, kila nusu inaonyesha mistari ile ile ya herufi na nusu nyingine haionekani kamwe. Mweka hazina anasomeka kama kaandikwa kwa uzi. Yapande miwili au minne. Herufi nyembamba zenye vijistari vya kulala nazo ziepukwe, zinatetemeka.

Kanda zimerudi kwenye kopo lake. Kisomo ni tarehe 14 na nimealikwa, Mama anasema nikae mbele karibu na TV "isije ikatushinda kuwasha". Kamera imerudi kwa mwenyewe Alhamisi, siku moja kabla. Tatizo ni kwamba habari zimesambaa, na jana mama mmoja wa Isevya kaja na mfuko wa rambo wenye kanda tano, harusi mbili na mazishi. Nimemwambia azikae nazo mahali pakavu, asimpe mtu, asubiri nimalize UE. Mwenye kamera ya HDV inayocheza bado, hapa mjini au hata Nzega, aniachie ujumbe hapa chini. Mafuta ya pikipiki nitachangia.